Kichwa cha Kule, Kichwa cha Hapa

Nyumba ya Mama,
Mtaa wa Kanisani,
Tryavna, Bulgaria.
23 Juni 2019.

Mpendwa mdogo wangu Nedyalka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dadako ambaye bado yu hai. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, maumivu ya mgongo yamepoa, na yule bibi mzee unayemtunza huko Brescia, Italia, anakula vizuri na hajaanza tena kutema dawa. Mgeuze ubavu mara kwa mara asipate vidonda. Najua huhitaji kufundishwa kazi hiyo. Mama za watu unawatunza vizuri mno, kila mtu anasema.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linagoma kwenye ngazi, lakini kwa mtu aliyekwisha kufa mwezi wa tano sina la kulalamika.

Mvua mwaka huu haina adabu. Cheri zimeoza juu ya mti kabla hatujaonja. Nyanya zimeshika vizuri, pilipili nazo zinakuja. Jirani Stanka ana mbwa mpya anayebweka usiku na mchana, nami namwombea mbwa huyo mauti mema.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ninayo. Utaelewa ukifika mwisho. Karatasi ina uzuri wake mmoja: nikikata neno, unaona kwamba nimelikata.

Barua hii inamhusu Bilyana, mjukuu wangu, na ile kazi yake ya chuo. Unajua anasomea ubunifu wa mawasiliano huko Sofia, na sasa ndiyo anamaliza. Nilipouliza ubunifu wa mawasiliano ndiyo kitu gani, mama yake alijibu kwamba ni kuchora mabango. Bilyana akanuna siku nzima. Eti ni kuchunguza jinsi watu wanavyosemezana kwa simu na kompyuta, halafu unawabunia njia nyingine ya kusemezana. Mwenzake mmoja ametengeneza mto unaotetemeka mchumba wako akikuandikia. Mwingine ametengeneza redio isiyotangaza chochote ila ujumbe wa akina mama: umekula? umevaa soksi? mbona hupokei? Hiyo redio niliipenda. Mama yetu angekuwa na kituo chake mwenyewe.

Bilyana yeye akachagua matangazo ya vifo. Hizi hizi karatasi zetu zenye picha na msalaba, tunazobandika mlangoni, kwenye nguzo na kituo cha basi, hadi mgeni akipita anadhani mji mzima tumekwisha. Mtoto akaona jambo ambalo sisi hatukuliona: nusu ya watu wanaopaswa kuzisoma wako Italia na Hispania, wala hawapiti tena kwenye nguzo zetu. Basi akatengeneza tangazo la kwenye simu. Unaona picha ya marehemu. Unamwashia mshumaa, mkubwa au mdogo, upendavyo. Kisha kuna nafasi nyeupe ya kuandika neno lako la mwisho, na ukishindwa, kuna maneno yaliyokwisha kuandaliwa, unabonyeza tu unamaliza. Wewe ulibonyeza, kwa hiyo unaujua ukurasa huo.

Usichokijua ni hiki. Ukurasa ule unakumbuka kila herufi unayoiandika, hata uliyoifuta. Hicho ndicho kiini cha kazi yake. Alinieleza jikoni huku anamenya viazi, anatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda.

“Bibi,” akaniambia, “watu wanachotuma ni adabu tu. Wanachofuta ndicho walichotaka kusema.”

Nilimwambia asije akamweleza kasisi, atazimia. Chini kabisa ya ukurasa aliweka maelezo kwa herufi ndogo kwamba yote yatahifadhiwa, yaliyotumwa na yaliyofutwa, na yataonyeshwa bila majina. Alidhani hiyo inatosha. Lakini nani anasoma herufi ndogo wakati wa msiba?

Alihitaji marehemu wa kujaribia, nikajitolea. Picha yangu ya kaburini nilikwisha kuichagua zamani, ile ya koti la kahawia, ambamo nimefunga mdomo kwa mara moja maishani. Nikamwambia aitumie, atakuwa amenipunguzia kazi. Akanitumia kwanza mimi niione. Kisha akaichukua simu yangu anionyeshe jinsi ya kumpelekea mwenzake wa darasani, na kidole chake kikaangukia kundi la ukoo. Ndivyo nilivyokufa, Nedyalka. Nilikufa kwa kidole cha mjukuu wangu, mkononi nina kikombe cha kahawa.

Mtoto alipauka uso. Akataka kuandika haraka kwamba ni makosa, bibi yupo hapa, msilie. Nikampokonya simu.

“Usiguse,” nikamwambia. “Nataka kuona nani atakuja.”

Akaniambia huo ni ukatili. Nikamwambia ndiyo. Wala sikufichi: sikuwa nangoja watu wote. Nilikuwa nakungoja wewe. Kaka yetu Dobri ningemjua, Stanka ningemjua, watoto wangu nawajua kuliko wanavyojijua. Wewe ndiye niliyekuwa sikujui tena, tangu siku ile ya Mama.

Siku ile unaikumbuka. Ninaiandika tena hapa, maana kwa miaka miwili tumeisimulia kwa namna yako, na leo nataka isimuliwe kwa namna yangu. Mama amelala pale chini ya dirisha, mwili umebaki mifupa. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari ili akuone. Akakuangalia sana. Akakuuliza: “Nedke, utakuja?” Sauti yako ikakatika papo hapo, ikabaki picha. Nawe ukatikisa kichwa. Chini, juu. Chini, juu. Kisha na picha nayo ikapotea.

Hapa kwetu mtoto wa miaka miwili anajua. Kichwa kikienda kando kando ni ndiyo. Kikienda juu na chini ni hapana. Mama aliona hapana. Aligeukia ukutani, nikamfunika mabega, na tangu hapo hakukutaja tena. Nilikupigia simu, hukupokea. Akafa kabla wiki haijaisha.

Ulikuja udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Mezani, mbele ya sahani za ngano ya sukari iliyochemshwa kwa ajili ya marehemu, ndipo ukatoa maelezo yako ukilia. Eti ulimjibu ndiyo. Eti umekaa kwa Wataliano mpaka kichwa chako kimegeuzwa, wao ndiyo yao ni juu na chini, na wakati ule hukukumbuka kwamba upande wa pili wa kioo yuko Mbulgaria. Watu wote wakalia nawe. Dobri akakukumbatia. Kasisi akasema masikini, umbali ni msalaba. Mimi nikakuongezea supu, nikakuuliza imetosha, ukatikisa kichwa kando kando kwamba ndiyo, imetosha, kikwetu kabisa. Nikakuuliza mbona leo kichwa kimerudi.

“Nikiwa kule kichwa ni cha kule, dada,” ukanijibu. “Nikiwa hapa ni cha hapa.”

Jibu zuri. Nililitafuna nikashindwa kulimeza. Nikakuita mwongo mbele ya watu, ukaondoka bila kuaga, na ukoo wote ukaniona mimi ndiye mwenye roho mbaya. Tsonka ana ulimi wa kiwembe. Tsonka hata msibani haachi. Nimekula maneno hayo miaka miwili, mwenzangu, pamoja na mkate.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nilianza kuwaamini. Huo ndio uzee: unachoka kuwa na haki peke yako. Majira ya baridi nilikuwa nikikaa na kuwaza, labda ni kweli. Labda kichwa kinaweza kugeuzwa. Mbona Dobri alipotoka jeshini alikuwa akilala amesimama? Nikamwonea huruma Mama, kwamba alikufa kwa kutoelewa, kwa kukosea kusoma kichwa cha mwanawe. Nikakuonea huruma na wewe. Masika nikakipaka chokaa chumba chako. Nikanunua mapazia. Nilikuwa nimekusudia kukualika kwa Sikukuu ya Bikira Maria mwezi wa nane, tukae, tuchome pilipili uani, tusiliongelee tena.

Basi uelewe nilikufa nikiwa na moyo gani.

Dobri alikuwa wa kwanza. Akapiga simu ya mezani kuuliza maiti imelazwa wapi, nikapokea mimi. Kisha akanitukana matusi ambayo hajayatumia tangu jeshini, akalia, akatukana tena. Nikamwapisha asimwambie mtu mpaka kesho. Stanka alikuja mwenyewe amejifunga kitambaa cheusi, anaomboleza tangu langoni kwake, akanikuta naanika mashuka. Hakufurahi hata kidogo. Ngano alikwisha kuichemsha, sukari amekwisha kuitia, akaniuliza sasa aifanyie nini. Tuliila wote wawili, ilikuwa imezidi sukari.

Mishumaa ikawa inawaka kwenye simu mmoja mmoja. Mikubwa, midogo. Mke wa Dobri aliniwashia mkubwa akaandika kwamba nilikuwa malaika, ndipo nikajua hakika kwamba nimekufa. Mimi nikawa natazama simu na mlango, simu na mlango. Kila ikilia nafikiri ni wewe. Nilijiambia: akipiga, akasema nakuja tu, hilo neno moja tu, basi namwambia ukweli palepale, nacheka, namwambia mapazia ni ya bluu.

Jioni ukatokea. Mshumaa mdogo. Chini yake, maneno ya kwanza kwenye orodha ya maneno yaliyoandaliwa: “Hatutakusahau kamwe.”

Hukupiga simu. Hukumwuliza Dobri mazishi ni lini. Kesho yake Bilyana akawaandikia wote kuomba radhi, nawe ukajibu Mungu mkubwa, umelia usiku kucha, umebaki huna nguvu. Nikasema haya. Pengine machozi hayakumwacha aandike. Pengine bibi wa Brescia hakumpa ruhusa. Nakuapia bado nilikuwa nakutafutia sababu. Mapazia niliyaacha pale pale.

Wiki iliyopita chuoni kwao wakaonyesha kazi zao. Bilyana akanipeleka Sofia, nimevaa lile lile koti la kahawia, nikawakuta watoto wamevaa nyeusi wote kama wao ndio waliofiwa, mmoja ana pete puani. Walimu wakanipa mkono wakaniita marehemu, nikacheka nao. Wakaniweka kiti cha mbele. Taa zikazimwa, na ukutani, kwa herufi nyeupe kubwa, yakaanza kutokea maneno ambayo ukoo wangu uliyaandika ukayafuta.

Nedyalka, sijawahi kucheka hivyo. Yalikuwa yanajiandika yenyewe, herufi kwa herufi, kisha yanajifuta kuanzia mwisho, halafu chini yake linabaki lile lililotumwa. Mmoja aliandika: “Nani ana funguo za nyumba?” Akafuta. Akatuma: “Malaika wetu.” Huyo sina haja ya kuambiwa jina. Mwingine: “Alinitukana harusini kwangu.” Akafuta. “Pumzika kwa amani.” Ukumbi mzima unavunjika mbavu, na mimi naongoza.

Kisha likatokea neno moja. “Dada.”

Likafutwa. Likarudi. “Dada Tsonka, sasa naweza.” Likafutwa lote. Pakawa peupe muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa. Mtu mmoja tu duniani ananiita dada. Nikaacha kucheka.

“Dada, siku ile nilimaanisha hapana.”

Maneno yalikaa pale ukutani, makubwa kuliko mlango. Kisha yakaanza kufutika. Ikaondoka hapana kwanza. Ikabaki: “Dada, siku ile nilimaanisha.” Ikaondoka hiyo. “Dada, siku ile.” Ikabaki “Dada” peke yake, ikasimama, ukawa kama unasita, kisha na hiyo ukaifuta. Chini pakatokea mshumaa wako mdogo na ile Hatutakusahau kamwe.

Ukumbi haukucheka. Mwalimu mmoja alivua miwani akasema polepole kwamba hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyoona mwaka huu. Kijana wa pete akamwuliza mwenzake hapana ya nini. Nililia, na nilichukia kulia mbele ya watoto wale. Iliniuma hapa kifuani mpaka nikadhani sasa ndiyo nakufa kweli, na safari hii hakuna atakayeamini.

Bilyana alinikimbilia. Alikuwa amewatoa majina watu wote, akadhani amemficha kila mtu. Hakujua hapana ile ni ipi, siku ile ya Mama na ile ya mezani alikuwa chuoni Sofia. Aliponiona uso akaelewa.

“Bibi, naitoa,” akasema. “Naitoa sasa hivi.”

“Iache,” nikamwambia. “Ni ya kweli. Hatuna nyingi.”

Akaiacha. Amepata sita kamili, alama ya juu kabisa, na wanataka kuipeleka kazi yake kwenye maonyesho Plovdiv. Mpongeze. Sehemu kubwa ya alama ile ni yako.

Sikukasirika kwa sababu ulikataa kuja. Nisikilize vizuri hapo. Ulikuwa na kazi, ulikuwa na hofu, pengine ulishindwa kumwona Mama katika hali ile. Mtu anaweza kukataa. Ungeniambia nilikataa, dada, niliogopa, ningekupiga kofi kisha ningekuwekea chakula. Lakini wewe ulimfanya Mama mjinga. Miaka miwili tumekaa mezani tunasema masikini Mama Velika, hakuelewa, alikufa kwa kosa. Hakukosea. Alikuwa anakufa, macho hayaoni vizuri, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na bado alimsoma mwanawe sawasawa kuliko sisi sote. Akageukia ukutani kwa sababu alijibiwa.

Na ukweli ukaja kuutoa kwa maiti. Nikiwa hai sikustahili. Nikiwa maiti nilistahili kidogo, kisha ukaghairi.

Kaburi la Mama nimelipalilia. Nilimwambia yote, nikamwomba radhi kwa kumwonea huruma ya bure. Dobri sijamwambia. Mwambie mwenyewe, maana siku kazi hii itakapofika Plovdiv atakwenda kuiona, na Dobri huwa anasoma kwa sauti.

Katika chumba chako nimetundika vitunguu. Kina hewa nzuri, na mapazia yanavikinga na jua.

Dobri anakusalimu, bado anakupenda, yeye ni mtu mwema na hajui kitu. Mke wake anakusalimu pia, anauliza kama Italia funguo ni ghali. Stanka anakusalimu. Bilyana anakusalimu kwa aibu, anasema umsamehe, nami nimemwambia asiombe msamaha kwa kazi nzuri. Msalimie bibi wa Brescia. Mwambie ana bahati.

Mungu akujalie uzee mrefu, Nedyalka, kitanda chini ya dirisha, mtu wa kukugeuza ubavu, na mtandao usiokatikakatika.

Ni mimi dadako akupendaye (neno hilo la mwisho nimelikata, lakini kwa mstari mwembamba, ili ulisome),

Tsonka.

Nimesahau. Najua ukimaliza kusoma utataka kuuliza kama nitakusamehe. Usiandike, utafuta. Piga simu ya picha Jumapili baada ya kanisa. Nitaiegemeza kwenye kopo la sukari, nitazima sauti, na nitakujibu kwa kichwa.